Mzee anasahau: ni lini iitwe dimensia?

Mzee akisema "siku hizi nasahau sana", hilo ni lalamiko la kumbukumbu. Bado si ugonjwa. Mtu wa miaka 70 jina la jirani humkwama, kisha humjia akinywa chai, na hapo hakuna kilichoharibika.

Dimensia maana yake ni akili kushuka kutoka pale ilipokuwa, hadi mtu ashindwe na shughuli alizozizoea. Kipimo ni shughuli hizo. Kusahau namba ya siri ya M-Pesa mara moja si hoja. Kutuma kodi ileile mara mbili, kutojua chenji dukani, au kushuka matatu kwenye steji ya miaka yote asijue njia ya nyumbani, hizo ndizo dalili. Kati ya hali hizo mbili kuna udhoofu mdogo wa utambuzi: vipimo vinaonyesha upungufu, ila mtu bado anajisimamia. Baadhi huishia kwenye dimensia, wengine hubaki hapo miaka, na wapo wanaorudi sawa.

Angalia pia nani analalamika. Anayekuja kliniki peke yake na kueleza kinaganaga kila alichosahau, mara nyingi ana wasiwasi, sonona au usingizi mbovu. Anayeletwa na bintiye huku akishikilia kwamba hana shida ndiye anayetutia hofu zaidi.

Kabla ya kusema "ni uzee tu" (au amerogwa), zitafutwe sababu zinazotibika: upungufu wa vitamini B12, hasa kwa anayemeza metformin (dawa ya kisukari) kwa miaka, tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo, VVU, kaswende, damu iliyovuja taratibu kichwani baada ya kuanguka. Halafu dawa. Piriton ya mafua na amitriptyline ya usingizi huvuruga akili ya mzee, na hakuna anayezitaja kwa sababu zilinunuliwa kemisti. Tia dawa zote kwenye mfuko uende nazo.

Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, hiyo ni dharura: huenda ni kiharusi, nimonia, sukari iliyoshuka, au malaria aliyorudi nayo kutoka Kisumu. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kipimo cha MoCA, cha maswali na michoro ya kupima akili, kina alama 30, na 26 kwenda juu huhesabiwa kuwa sawa. Asiyezidi miaka 12 shuleni huongezewa alama moja, nasi twaiona haitoshi: aliyeishia darasa la tatu ataangushwa na kuchora mchemraba, si na kumbukumbu. Apimwe kwa lugha anayoiwazia, iwe Kiswahili, Kikuyu au Kikamba.

Kuhusu kinga, tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 ilitaja vihatarishi 14 vinavyoweza kupunguzwa, vinavyohusishwa na takriban asilimia 45 ya visa duniani. Presha, sukari na sigara watu wanazijua. Masikio husahaulika. Asiyesikia vizuri hashiki anachoambiwa, kisha anaonekana amesahau; kwa hiyo achunguzwe masikio mapema, kwani pengine ni nta tu iliyoziba, na hiyo hutolewa kliniki kwa dakika chache.