Kodi ya Presha ya Oili ya Giaboksi: Usikimbilie Kununua Swichi

Gari la otomatiki likiwasha taa ya injini, likabadili gia kwa kishindo au likang'ang'ania gia moja tu, mashine ya kusomea kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari, huenda ikatoa namba kati ya P0840 na P0849. Wengi wakiiona hununua swichi ya presha ya oili ya giaboksi siku hiyohiyo. Lakini kodi haitaji kifaa kilichokufa. Inataja sakiti nzima, yaani swichi, waya na soketi, na wakati mwingine tatizo ni oili yenyewe. P0842 na P0843 zinahusu umeme ulio chini mno au juu mno, hivyo anza na waya. P0841 ni majibu yasiyolingana na yale kompyuta inayotarajia, na hapo presha nayo inashukiwa.

Swichi yenyewe ni kitu rahisi. Katika aina ya waya mmoja, oili husukuma kiwambo, kiwambo hugusanisha vidole vya chuma, waya unapata ethi (upande hasi wa umeme) kupitia bodi ya giaboksi, yaani ganda lake la chuma, na kompyuta inajua klachi ya gia fulani imekamata. Zipo zinazofanya kinyume, na zipo zilizofichwa ndani juu ya sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi), kwa hiyo mchoro wa umeme wa gari hilohilo ni wa lazima.

Pima oili kwanza, kwa utaratibu wa mtengenezaji. Magari mengi yenye kijiti hupimwa oili ikiwa moto, injini ikiunguruma na gia ikiwa P. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inaashiria klachi zilizochakaa, na swichi mpya haitazifufua.

Kisha chomoa soketi, uiangalie kwa tochi. Pini yenye kutu ya kijani husafishwa. Soketi iliyolowa oili ndani inaonyesha swichi inavujia katikati yake. Swichi hiyo badilisha bila ubishi.

Soketi ikiwa safi, kipimo kinachofuata ndicho chenye majibu. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini, fungua ukurasa wa data hai (usomaji wa papo kwa papo) kwenye mashine, halafu gusisha ule waya mmoja na ethi. Usomaji ukibadilika, waya na kompyuta ni vizima. Usipobadilika, huenda waya umekatika mahali au soketi ya kompyuta imelegea. Usifanye hivi kwenye sensa ya waya tatu. Unaweza kuunguza kitu cha bei kubwa.

Waya ukiwa mzima, pima swichi kwa multimita, kati ya pini na bodi ya giaboksi. Injini imezimwa, swichi ya aina iliyo wazi kwa kawaida, yaani isiyogusanisha bila presha, haitakiwi kupitisha umeme, ikipitisha, imeganda. Isipopitisha, bado hujamaliza: fungua swichi, funga geji ya presha kwenye tundu lake, washa injini, linganisha na kitabu cha huduma. Presha ikiwa sawa na swichi haijibu, imekufa. Presha ikiwa ndogo, tafuta kwenye filta, pampu, solenoidi (valvu za umeme) au valvu nyingine za giaboksi.

Kabla ya kuifungua swichi futa uchafu pembeni, chembe moja ya mchanga inatosha kukwamisha valvu. Weka washa (pete ya kuzibia) mpya na kaza kwa spana ya kipimo, kwani nyuzi za aluminiamu huchunika upesi. Ongeza oili ya aina ileile iliyopotea, futa kodi, endesha gari lipitie gia zote, kisha soma tena.