Nani agharamie mkataba wa hali bora? Mvutano wa ada za vyama vya wafanyakazi Marekani

Kila ninapowafundisha viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi kuhusu makato ya mishahara, kuna anayeuliza: ni kweli Marekani mtu anaweza kufaidi nyongeza iliyopiganiwa na chama bila kukilipa hata senti? Ni kweli, katika majimbo 26. Sheria zao zinaitwa za "haki ya kufanya kazi", lakini hazimhakikishii mtu ajira wala hazimkingi asiachishwe. Zinapiga marufuku kifungu chochote cha mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi) kinachomtaka asiye mwanachama achangie gharama za chama.

Wengi hudhani ugomvi ni wa kulazimishwa kujiunga. Hilo lilianza kufifia 1947, pale Sheria ya Taft-Hartley ilipomkataza mwajiri kuajiri wanachama peke yao. Kifungu chake cha 14(b) kiliyaachia majimbo suala la ada, na vita vimekuwa hapo tangu wakati huo.

Kilio cha vyama, kwamba vinalazimika kuwatetea hata wasiolipa, kina chimbuko lake katika kesi ya Bester William Steele, mfanyakazi mweusi aliyekuwa mchochea moto kwenye treni za Louisville & Nashville huko Alabama. Chama kilichopewa na sheria mamlaka ya kumsemea hakikupokea watu weusi, tena kilifunga makubaliano na kampuni za reli ili kuwaondoa kidogo kidogo katika kazi hiyo. Steele akang'olewa kwenye nafasi nzuri, akapelekwa kwenye kazi ngumu zaidi yenye ujira mdogo. Desemba 1944 Mahakama ya Juu iliamua kwamba chama kinachosema kwa niaba ya wote kina wajibu wa kuwatetea wote bila ubaguzi, awe mwanachama au asiwe. Naiheshimu sana hukumu ile. Wajibu huo baadaye ulienea viwandani na maofisini: leo asiye mwanachama akifukuzwa kinyume cha mkataba, chama hakiwezi kumjibu kwamba hakuchangia, basi ajitetee mwenyewe. Kikifanya hivyo anaweza kukishtaki. Na kesi moja ya usuluhishi, ukihesabu mawakili na msuluhishi, ni ghali.

Mwezi mmoja tu kabla ya hukumu hiyo, wapiga kura wa Florida na Arkansas walikuwa wamepitisha marufuku za kwanza za aina hii. Kwa hiyo chama kikabebeshwa watu wote huku kikianza kuzuiwa kuwatoza.

Upande wa pili una hoja yake, na haifai kuidharau. Mark Janus, mtumishi wa jimbo la Illinois, alikatwa takriban dola 45 kwa mwezi kwa ajili ya chama ambacho hakujiunga nacho. Alidai kwamba kujadiliana na serikali juu ya mishahara na pensheni ni kugusa kodi na bajeti, yaani siasa, na Katiba haimruhusu yeyote kumlazimisha agharamie msimamo asioukubali. Tarehe 27 Juni 2018 alishinda katika Mahakama ya Juu kwa majaji 5 dhidi ya 4, na ada ya lazima ikafutwa katika utumishi wa umma nchi nzima. Kwa fedha za kampeni za siasa ningemuunga mkono kabisa. Lakini hukumu ya 1977 iliyofutwa siku ile ilikuwa imeshazitenga: asiye mwanachama alilipia majadiliano na utetezi tu. Mahakama ilimwondolea mzigo Janus, ikauacha wajibu wa chama palepale. Hapo naona haki haikutendeka.

Majimbo yenyewe hayajatulia. Missouri wapiga kura waliikataa sheria ya "haki ya kufanya kazi" 2018 kwa takriban thuluthi mbili. Michigan, kitovu cha viwanda vya magari, iliipitisha 2012, ikaifuta 2023.

Tanzania tulichukua njia nyingine. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinaruhusu ada ya uwakala, yaani makato ya asiye mwanachama, kwa makubaliano, bila kumlazimisha mtu kujiunga. Ada haizidi mchango wa mwanachama, inawekwa katika akaunti ya pekee, na inatumika kwa maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi wa pale kazini. Naona ni mpango wa haki kuliko wa Texas, mojawapo ya majimbo yenye marufuku ile, ila kwa sharti ambalo huwa nawabana nalo viongozi wetu: mapato na matumizi ya akaunti hiyo yabandikwe ubaoni kila mwaka, ayasome hata yule aliyekataa kujiunga.