Lenzi ya kusogeza kwa bei ya mtumba

Kazi yangu ni kupiga picha za nyumba, nyingi zikiwa Mji Mkongwe, Unguja. Kuna vichochoro huku ukinyoosha mikono unagusa kuta za pande zote mbili. Ukiinua kamera upate roshani ya juu, kuta zinaegemeana kama walevi wawili.

Dawa yake ni kuiacha kamera ikiwa sawa kabisa kwenye tripodi, ukapandisha lenzi peke yake. Lenzi ya kusogeza hutupa duara la picha kubwa kuliko sensa (kibati cha ndani ya kamera kinachopokea picha), kwa hiyo ina nafasi ya kutembea. Juzi nilikuwa nimebana mgongo ukutani, nusu ya fremu ni mawe ya njia, paa halionekani. Nikazungusha skrubu ya pembeni: mawe yakatoka taratibu, roshani ikaingia, kisha boriti za paa, na fremu ya mlango haikupinda hata kidogo. Kompyuta nayo hunyoosha, lakini hukata pembeni na kuvuta sehemu ya juu mpaka inafifia.

Wengi huniuliza kama wanunue lenzi inayosogea na kuinama pia. Kwa majengo, jibu langu ni hapana. Kuinamisha ni kwa wapiga picha za vyakula na bidhaa, wanaotaka meza nzima ionekane wazi bila kufifia, toka sahani ya mbele mpaka birika la nyuma. Na wale wa kufanya mji uonekane kama vitu vya kuchezea watoto, ambao ukichoka nao unachoka kweli.

Basi anza na PC-Nikkor, lenzi ya kusogeza ya Nikon, ya milimita 35 (namba hiyo ikiwa ndogo, lenzi huona pana zaidi). Toleo la kwanza lilitoka 1962. Husogea milimita 11 na haina umeme wowote wa kuharibika. Tundu la mwanga unalifunga mwenyewe kwa mkono. Pima mwanga kabla hujasogeza, maana ukishasogeza kipimo cha kamera hudanganyika. Ila sharti kamera iwe ya fulu fremu, yaani yenye sensa kubwa sawa na fremu ya filamu ya kawaida. Kwenye sensa ndogo ya APS-C, hiyo 35 inaona kama 50 na ushee, na kwenye uchochoro utapiga mlango tu.

Hata kwenye fulu fremu, 35 hunibana mara nyingi. Hapo ndipo Samyang ya milimita 24, iliyotoka 2013, inapostahili hela yake: inasogea milimita 12, inainama digrii 8.5 (hiyo kwa majengo huihitaji), na unaipata mpya. Canon TS-E 24 ya kwanza, ya 1991, siku hizi ni ya mtumba tu; ukiisogeza mpaka mwisho kingo za picha hufifia, lakini ukifunga tundu la mwanga hadi f/11 inatosha. Toleo lake la pili ni tamu, na linazidi bei ya pikipiki mpya.

Njia ya mafundi ni kuchukua lenzi ya kamera za filamu kubwa, kama Flektogon 50 au Biometar 80 za Pentacon Six, kamera ya zamani ya Ujerumani Mashariki, na kuifunga kwa adapta inayoinama (kipande cha kuunganisha lenzi na kamera). Lenzi hizo zilitengenezwa kukaa milimita 74 kutoka kwenye filamu, kwa hiyo nafasi ya adapta ipo tele, na duara lao ni kubwa. Kwa sahani ya biriani ni safi sana. Kwa uchochoro hazifai, maana hata hiyo 50, iliyo pana kati ya hizo mbili, huona kidogo kuliko ile 35.

Kabla ya kulipa, fungua tundu la mwanga lote, mulika tochi kutoka nyuma na uchungulie mbele. Nyuzi kama za buibui ni ukungu unaoota ndani ya lenzi. Mimi niliuziwa moja kwa maneno "kama mpya", nikaiweka kabatini na nyingine bila kuikagua. Kwa joto na unyevu wa pwani, baada ya masika zenye ukungu zilikuwa mbili.