Hati ya mshahara si hisani ya mwajiri

Waajiri wengi nchini Kenya, hasa wenye wafanyakazi wachache, huamini kwamba ujumbe wa M-Pesa unaoingia mwisho wa mwezi unatosha kuwa hati ya mshahara. Hautoshi. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi, kabla ya malipo au wakati wa malipo, taarifa ya maandishi inayoonyesha mshahara kabla ya makato, kisha kila kato na sababu yake. Chukua mshahara wa shilingi 30,000. Simu inaonyesha 26,193 na senti kadhaa, basi. Hati ndiyo inayoeleza kwamba 1,800 zimekwenda NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, 825 bima ya afya ya SHIF, 450 tozo ya nyumba, na 731 na ushei kodi ya PAYE.

Wengine hudhani kwamba kato likishaandikwa, wajibu umekwisha. Kuandika si kuwasilisha. Mwajiri anayekata fedha hizo na kukaa nazo anatenda kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili, ilhali mfanyakazi mara nyingi hugundua akiwa dirishani hospitalini, anapoambiwa kuwa michango yake haionekani. Tena, katika tozo ya nyumba mwajiri huchangia asilimia 1.5 yake mwenyewe, kwa hiyo hati ya mshahara huo wa 30,000 ikionyesha 900 badala ya 450, yafaa kuuliza nani anamlipia nani.

Wala sahihi ya mfanyakazi aliyechukua mikopo haihalalishi kila kato: jumla ya makato haipaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara.

Kuhusu vibarua, dhana iliyoenea kwamba hawastahili hati hii ina ukweli nusu. Kifungu hicho cha 20 kinawaacha nje vibarua, wanaolipwa kwa kipande cha kazi, na walioajiriwa kwa muda usiozidi miezi sita. Hata hivyo, kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, hivyo kumwita mtu kibarua kwa miaka mitatu hakumpunguzii mwajiri chochote.

Yaya na mpishi wa nyumbani hawakutengwa na sheria hii. Inachodai ni maandishi na mchanganuo, si kompyuta. Ukurasa wa daftari ulioandikwa vyema unaweza kuyabeba yote.