Uraia wa dunia hupimwa kwa mahali pa kupeleka malalamiko

Katika kazi yangu ya sheria za haki za binadamu, swali ninaloulizwa zaidi kuhusu uraia wa dunia, yaani wazo kwamba kila mtu ni raia wa dunia nzima, ni kama pasipoti inayotolewa kwa jina lake inakubalika mipakani. Naona swali hilo limeanzia mwisho. Uraia wowote hupimwa kwanza kwa jambo moja: mtu akidhulumiwa, je, yupo mwenye wajibu wa kumsikiliza?

Garry Davis, Mmarekani aliyerusha ndege za mabomu katika Vita Kuu ya Pili, aliukana uraia wake mjini Paris mwezi Mei 1948. Ilipofika Septemba, akiwa hana nchi ya kurudi, alipiga kambi Palais de Chaillot, eneo ambalo Umoja wa Mataifa ulikuwa umekabidhiwa kwa muda kwa ajili ya mkutano wake. Tarehe 19 Novemba alisimama katikati ya kikao cha Baraza Kuu akadai serikali moja ya dunia, na walinzi wakamtoa nje. Wiki tatu baadaye, wajumbe walipitisha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu kwa kura 48, bila hata moja ya kupinga, nchi 8 zikijizuia kupiga kura. Ibara ya 15 inasema kila mtu ana haki ya kuwa na utaifa, lakini Azimio lenyewe halikuunda chombo ambacho mtu aliyenyimwa haki hiyo angeweza kukiendea.

Pengo hilo lina uhusiano wa moja kwa moja na amani, kwa sababu mara nyingi watu huvuliwa uraia kwanza, kisha huvamiwa. Utawala wa Hitler uliwaondolea Wayahudi uraia kamili kwa sheria za mwaka 1935, miaka kadhaa kabla ya kuanza kuwaangamiza. Nchini Myanmar, sheria ya uraia ya mwaka 1982 iliwaacha wengi wa Warohingya, jamii ndogo ya Waislamu nchini humo, bila utaifa, na mwaka 2017 zaidi ya watu 700,000 kati yao walikimbilia Bangladesh. Asiye na utaifa hana kura, aghalabu hana hati, na hakuna serikali inayohesabu kifo chake kuwa ni hasara yake.

Ndiyo maana nauthamini zaidi mfano wa pasipoti ya Nansen, hati ya kusafiria ya wakimbizi, kuliko pasipoti ya raia wa dunia ambayo Davis alianza kuitoa miaka ya 1950. Ya Nansen, iliyoanza mwaka 1922 kwa wakimbizi wa Kirusi, ilifanya kazi kwa sababu serikali zaidi ya 50 zilikubaliana kuitambua. Ya Davis ilibeba wazo zuri, lakini ilitegemea hisani ya afisa aliyekaa dirishani siku hiyo.

Leo njia iliyo karibu zaidi na uraia wa dunia ni Itifaki ya Hiari ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, makubaliano ya nyongeza ambayo nchi huchagua kujiunga nayo, iliyoanza kutumika mwaka 1976. Kwa itifaki hiyo mtu mmoja, awe raia au la, anaweza kuilalamikia serikali iliyo na mamlaka juu yake mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu, jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa linalosimamia mkataba huo, mradi awe amemaliza njia zote za kisheria zilizopo nchini humo na serikali hiyo iwe imeridhia itifaki. Kamati haina polisi, na maamuzi yake hupuuzwa mara nyingi kuliko inavyostahili. Hata hivyo, serikali hutakiwa kujibu kwa maandishi, tena ndani ya miezi sita, madai ya mtu ambaye pengine haikumjibu hata mara moja. Kwamba jambo hili lina uzito, Jamaica ilituonyesha mwaka 1997 ilipojitoa katika itifaki kutokana na malalamiko ya wafungwa waliohukumiwa kifo. Kwa hiyo anayetaka kuanza kuupigania uraia wa dunia ninamshauri aulize kama serikali yake imeridhia itifaki hiyo, na kama haijaridhia, aidai sababu hadharani.