Gait ya Kiskoti cha zamani si geti

Ukisoma hati ya mji wa Uskoti ya karne ya 16 ukakutana na neno gait au gate, usikimbilie kuwaza geti. Nyumba iliyoandikwa kuwa iko upande wa kusini wa "hie gait" haikupakana na lango kubwa; ilitazamana na barabara kuu ya mji. Anayekosea hapo huanza kutafuta ukuta na lango mahali ambapo havikuwahi kuwapo, na mipaka yote inayofuata katika hati ile inamchanganya.

Kiskoti ninachosema hapa ni ndugu wa Kiingereza, si Kigaeli, lugha ya Kikelti ya Uskoti. Kile kilichoandikwa hadi mwaka 1700 ndicho wataalamu wanachokiita cha zamani. Gate yake imetokana na gata la Kinorse cha kale, yaani njia au barabara, neno waliloliacha Waskandinavia waliohamia kaskazini mwa Uingereza. Barabara maarufu ya Oslo inaitwa Karl Johans gate mpaka leo. Gate ya Kiingereza, ambayo ndiyo tuliyoigeuza kuwa geti, ina asili nyingine: geat la Kiingereza cha kale. Maneno mawili yaliyopita njia tofauti yamekuja kufanana sura.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko York, kusini ya mpaka wa Uskoti. Pale Micklegate ni barabara, na lango lililo mwisho wake linaitwa Micklegate Bar, kwani huko bar ndilo lango. Kama gate ingekuwa lango, jina hilo lingekuwa na lango mara mbili.

Edinburgh nayo ina Canongate, njia ya makanoni, yaani mapadri watawa, wa Abasia ya Holyrood iliyoanzishwa na Mfalme David I mwaka 1128. Canongate ulikuwa mji wenye mamlaka yake hadi 1856. Kati yake na Edinburgh palikuwa na lango la kweli, na jina lake ni Netherbow Port; lilibomolewa mwaka 1764. Cowgate ni njia waliyopitishiwa ng'ombe. Trongate ya Glasgow ni barabara ya tron, mizani ya mji ambapo bidhaa zilipimwa uzito. Dundee kuna Seagate, Murraygate, Overgate na Nethergate, na hizo mbili za mwisho hutafsiriwa vibaya sana: ni barabara ya juu na barabara ya chini, si lango la juu na lango la chini.

Basi lango waliliitaje? Lango la mji lilikuwa port, kutoka Kifaransa. West Port ya St Andrews, ya mwaka 1589, ingali imesimama, na magari hupita chini yake. Mlango wa ngome au wa ua ulikuwa yett, na huyu ndiye ndugu halisi wa geti. Ndani ya ngome za Uskoti, yett mara nyingi ni wavu wa nondo za chuma zilizofumwa kwa ustadi wa pekee. Katika robo mbili zinazokabiliana kimshazari, nondo za wima hutobolewa ili za mlalo zipenye; katika robo mbili zilizobaki za mlalo ndizo hutobolewa. Kwa hiyo huwezi kuusukuma wavu upande mmoja ukaachana.

Maana ya pili ya gate haitampa shida Mswahili, kwa sababu njia yetu nayo ni ya miguu na pia ya kufanyia jambo. Thusgatis ni "kwa namna hii", algatis ni "kwa kila njia", nagatis ni "kwa namna yoyote ile" katika sentensi ya kukanusha. Ikitanguliwa na idadi ya maili, gate ni umbali wa mwendo. Na gait ya Kiingereza cha leo, yaani mwendo wa mtu au farasi, ni neno hili hili. Tahajia ndiyo iliyokuja kulitenga.

Tahajia ndiyo inayoumiza kichwa. Makarani wa Kiskoti waliweka i baada ya vokali kuonyesha kwamba ni ndefu, kwa hiyo gate, gait, gayt na gaitt ni neno moja. Lakini gait pia ni mbuzi, na gat inaweza kuwa "alipata". Mimi huanza na majirani wa neno kabla ya kufungua kamusi. Likiwa kwenye orodha pamoja na ky na scheip, yaani ng'ombe na kondoo, ni mbuzi. Likitanguliwa na mtenda na kufuatwa na kitu alichopewa, ni kitenzi. Likiwa na hie au common mbele yake, au likielekezwa mahali kwa to, ni barabara. Kinachobaki baada ya hapo ni kidogo, na kwa kawaida ni namna au mwendo.

Ukishindwa, nenda kwenye kamusi kubwa ya Kiskoti cha zamani, Dictionary of the Older Scottish Tongue, juzuu 12 zilizotoka kati ya 1931 na 2002, ambazo sasa zinasomeka bure mtandaoni. Tafuta kila tahajia peke yake. Kwa yett kuna tahadhari zaidi: makarani waliianza kwa herufi yogh, ȝ, ambayo hapa ina sauti ya y, na wachapaji wasiokuwa nayo wakaweka z. Hiyo ndiyo sababu jina la ukoo Menzies hutamkwa Mingis na Waskoti wengi. Kwa hiyo lango unalolitafuta chini ya y huenda limejificha kama zet, na ukilisoma kwa sauti ya z hutalitambua.