Chipu kushuka bei si kuteka soko

Katika maduka ya kompyuta hapa Malindi husikika hoja hii: kampuni ya chipu (kichakataji, ubongo wa kompyuta) ikishusha bei, wateja wa mpinzani watahamia kwake. Sivyo, na hoja hii inawapotosha vijana wetu wanaopanga biashara.

Julai 2006 kampuni ya Intel ilileta Core 2 Duo, chipu yenye kasi zaidi. AMD, mpinzani wake, ikakata sana bei za chipu zake za Athlon 64 X2. Intel nayo ikashusha za chipu zake za zamani. Mwaka 2007 AMD ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 3, ingawa sehemu kubwa ilitokana na kuinunua ATI, kampuni ya chipu za picha.

Tena mnunuzi mkubwa si mimi wala wewe. Ni watengenezaji kama Dell na HP, wanaopanga modeli zao miezi mingi kabla; laptopu ikifika dukani, chipu imeshachaguliwa zamani. Na kiwanda kina kikomo. Mvuvi akipunguza bei ya changu, bado hauzi zaidi ya alichovua.

AMD iliinuka kweli kuanzia 2017, kwa chipu zake za Ryzen. Bei ilivutia, naam, lakini AMD ilibebwa na usanifu mpya, Zen, ulioweza kushindana kwa kasi. Chipu zake za FX za 2011 nazo zilikuwa za bei rahisi, na hazikuiokoa.